Kocha anayesuka kikosi kwa koleo na maji ya moto

HAKUNA kambi, hakuna mazoezi ya gym, hakuna mchezaji wa kudai posho. Lakini mpange mchezaji ambaye hujamwandaa vizuri uone atakavyokuaibisha: gemu ikianza tu anazunguka kama pia, kisha anageuka na kukimbilia upande wa lango lake mwenyewe.

Ndivyo ulivyo mpira wa umeme, gemu la mezani la huko Marekani linaloiga ule mpira wao wenye umbo la yai. Lilibuniwa mwishoni mwa miaka ya 1940 na mhandisi Norman Sas wa kampuni ya Tudor ya New York. Uwanja ni bati na chini yake kuna mtambo wa umeme. Ukiwasha swichi bati linatetemeka, na vinyago 22 vya plastiki, 11 kila upande, vinaanza kutembea vyenyewe.

Mwaka 1967 Tudor iliingiza sokoni vinyago vyenye jezi za timu za NFL. Sas alifariki 2012 akiwa na miaka 87, na gemu lake bado lina wafuasi na mashindano yao. Wengi wanaolitazama kwa mara ya kwanza wanasema ni bahati nasibu tu. Wenyewe wanawacheka, kwa sababu wanajua mechi inashindwa nyumbani, siku kadhaa kabla.

SIRI IKO MIGUUNI

Kila kinyago kinasimama kwenye kitako chenye vimeno vidogo chini yake, vilivyolala kuelekea nyuma. Mtetemo unavirusha kidogo kidogo na kukisukuma kinyago mbele. Vya kushoto vikisukuma kuliko vya kulia, mchezaji anapinda kulia.

Hapo ndipo kamati ya ufundi inapoingia kazini, na hii haina mganga. Kocha anashika koleo ndogo, anakunja kimeno kidogo sana, anamrudisha mchezaji kwenye bati na kumtazama. Bado? Anarudia. Akizidisha, kimeno kinakatika na mchezaji kaumia moja kwa moja. Wengine huchovya kitako kwenye maji ya moto ili plastiki ilainike, wanapanga vimeno, kisha wanaacha ipoe na umbo jipya. Vipo pia vitako vyenye kigurudumu chini, ambacho kocha anakizungusha kumwelekeza mchezaji akate kushoto au kulia.

KASI AU NGUVU?

Kama ilivyo kwenye kikosi chochote, huwezi kupata kila kitu kwa mchezaji mmoja. Wa mstari wa mbele anatakiwa awe na nguvu ya kusukuma, hata akitembea kama mzee. Anayebeba mpira anatakiwa awe mwepesi na anyooke, maana beki akimgusa kazi imekwisha.

Uzito nao unasaidia kusukuma, ndiyo maana ligi nyingi zimeweka kikomo cha gramu 4 kwa mchezaji. Mizani inakuwepo, na ukizidisha humchezeshi. Baada ya hapo ndipo inakuja rangi: jezi, namba mgongoni, hadi soksi, vyote kwa brashi nyembamba.

Usajili nao upo. Wapo mafundi wanaouza vitako vilivyokwisha kunyooshwa, na mwenye pesa anaweza kujaza kikosi chake mastaa. Lakini kila bati lina mtetemo wake. Aliyekuwa anachana mbuga nyumbani kwa fundi anaweza kufika ugenini akaanza kuzunguka, na kama kocha hajui kushika koleo, hana wa kumfanyia sabu.

Ndiyo maana makocha wenye uzoefu huanza na wachezaji wao dhaifu. Mtu aliyeweza kumnyoosha mbovu hatishwi na yadi moja ya mwisho, bati likianza kunguruma.