Uma wa mbele wa baiskeli: Kwa nini hukatika, na ufanye nini kabla haujakuangusha

Ukisimama alfajiri kwenye barabara inayoshuka kutoka Kisarawe kuelekea Pugu, utawaona. Jamaa kainama juu ya usukani, nyuma yake magunia mawili au matatu ya mkaa, breki zinalia, na kila shimo linaitikisa baiskeli nzima. Hapo mzigo wa nyuma hauonekani kuwa tatizo. Tatizo liko mbele, kwenye kile chuma chenye miguu miwili kinachoshika tairi. Huo ndio uma.

Cheni ikikatika, utasukuma. Tairi likipasuka, utaziba. Uma ukikatika ukiwa kwenye mteremko, tairi la mbele linaondoka, na wewe unatangulia kwa uso, mzigo unafuata mgongoni. Hakuna muda wa kufunga breki.

Makala hii inaeleza kwa nini uma hukatika, wenzetu wanaotengeneza baiskeli za kurukia mawe wamefanya nini ili usikatike, na kipi kati ya hayo fundi wa Kibaha au Kisarawe anaweza kukitumia kesho asubuhi.

Baiskeli ya kurukia mawe ni ipi?

Kuna mchezo unaitwa trialsi. Mchezaji haangaliwi kwa mbio. Anatakiwa kupita juu ya mawe, magogo na kuta bila kuweka mguu chini. Mchezo huu ulianzia Katalunya, Hispania, ambako Pere Pi, bingwa wa pikipiki za aina hiyo, alimfundisha mwanawe Ot kwa kutumia baiskeli. Mwaka 2009 Mskoti Danny MacAskill aliweka video YouTube akiruka kuta na uzio mjini Edinburgh, na dunia nzima ikaujua.

Sasa fikiria: mtu anaruka kutoka juu ya ukuta na kutua kwa tairi la mbele. Uzito wake wote, pamoja na kasi ya kuanguka, unapita kwenye uma. Ndiyo maana uma wa baiskeli hizi ni darasa zuri kwa yeyote anayebebesha baiskeli kazi nzito. Mchezaji wa trialsi na mbeba mkaa wa Kisarawe hawajawahi kukutana, lakini chuma chao kinateswa kwa namna moja.

Uma hukatikia wapi?

Uma una sehemu tatu za kujua. Miguu miwili inayoshuka hadi kwenye ekseli. Bega, pale miguu inapokutana juu ya tairi. Na shingo, lile bomba linaloingia ndani ya fremu na kushikwa na usukani.

Chukua jembe. Ukilipiga kwenye jiwe, mpini hukatika karibu na kichwa cha jembe, mara chache sana katikati. Uma ni hivyo hivyo. Tairi likigonga shimo, linasukumwa nyuma. Ule mguu wa uma unageuka kuwa mtaimbo, na nguvu yote inakwenda kukusanyika juu, kwenye bega na mwanzo wa shingo.

Tupige hesabu kidogo. Kutoka kwenye ekseli hadi kwenye bega, baiskeli kubwa ina kama sentimita 38 hadi 40. Shimo likisukuma ekseli nyuma kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 50, pale kwenye bega ni sawa na mtu kuning'iniza mfuko wa saruji kwenye ncha ya fimbo ya sentimita 40, halafu akuambie uishike fimbo kwa upande wa pili. Jaribu uone mkono wako.

Ongeza na breki. Ukifunga breki ya mbele kwenye mteremko, uzito unahama kutoka nyuma kuja mbele. Magunia yaliyokuwa yamekaa kwenye tairi la nyuma yanaanza kusukuma uma. Kwa hiyo sehemu mbaya zaidi kwa uma ni mteremko wenye mashimo huku umeshika breki. Yaani barabara za vumbi za vilima vya Kisarawe zimeshatoa mtihani wote kwa pamoja.

Haukatiki siku moja

Hapa ndipo wengi tunapokosea. Uma ukikatika tunasema "shimo lile limenimaliza". Mara nyingi si lile shimo. Ni mashimo ya miezi sita iliyopita.

Chukua kipande cha waya, kikunje mara moja, hakikatiki. Kikunje na kukinyoosha mara ishirini, kinakatika bila kutumia nguvu. Chuma huchoka. Kila mtikisiko unaanzisha au unarefusha ufa mdogo usioonekana, na siku moja sehemu iliyobaki nzima inakuwa ndogo mno.

Ndiyo maana viwango vya kimataifa vya usalama wa baiskeli, ISO 4210, haviishii kupima nguvu ya mara moja. Uma huangushiwa uzito wa kilo 22.5 kuona kama utavunjika. Kisha mwingine unafungwa kwenye mashine na kusukumwa mbele na nyuma mara 100,000. Uma wa baiskeli ya milima husukumwa kwa nguvu kubwa kuliko wa baiskeli ya mjini.

Mara 100,000 unaweza kuona ni nyingi. Haya, safari ya kilomita 30 kwenye barabara mbovu, ukikutana na mtikisiko mmoja kila mita 10, ni mitikisiko 3,000. Safari 34 tu, umepita 100,000. Kweli, mitikisiko mingi ni midogo na haifiki nguvu ya ile mashine. Lakini baiskeli ile ya mjini haikupimwa ikiwa na magunia matatu ya mkaa.

Wenzetu wametatuaje?

Kwanza, uma wa trialsi hauna springi. Ni chuma kimoja kigumu. Springi hula nguvu ya kuruka na kumfanya mchezaji asijue tairi litatua wapi. Pia springi ni sehemu nyingine ya kuharibika.

Pili, mabomba yamenenepeshwa. Hii ndiyo siri kubwa, na haihitaji teknolojia ya ajabu. Chukua bomba la kipenyo cha milimita 25 lenye ukuta wa milimita 2. Chukua lingine la milimita 35 lenye ukuta mwembamba zaidi, kama milimita 1.4. Uzito wao unalingana. Lakini lile nene linahimili mkunjo kwa karibu asilimia 55 zaidi, na ugumu wake dhidi ya kupinda ni zaidi kidogo ya mara mbili. Chuma kilekile, kimesogezwa tu mbali na katikati. Mwanzi umelijua hilo siku nyingi: uko wazi ndani, na bado hauvunjiki kirahisi.

Ila kuna mpaka. Ukuta ukiwa mwembamba kupita kiasi, bomba linabonyea kama kopo la soda.

Tatu, unene hauko sawa kila mahali. Miguu ni minene karibu na bega, inapungua kuelekea chini. Shingo nayo kwenye baiskeli nyingi za kisasa ina kipenyo cha milimita 28.6 juu na hadi milimita 38.1 chini. Chuma kinawekwa pale nguvu inapokusanyika.

Nne, aina ya chuma. Uma nyingi za trialsi ni za alumini, nyingine za kaboni. Alumini ina uzito wa kama theluthi moja ya chuma cha kawaida, ila ugumu wake nao ni kama theluthi moja, ndiyo maana mabomba yake lazima yawe manene. Na ina tabia moja ya hatari. Chuma cha kawaida, kama nguvu za kila siku ni ndogo vya kutosha, kinaweza kudumu miaka na miaka bila kuchoka. Alumini haina kiwango hicho. Kila mtikisiko unahesabiwa. Wachezaji wanalijua hilo, hivyo hukagua uma mara kwa mara na kuubadilisha kabla haujakatika.

Kwa mbeba mzigo wa kwetu, jibu ni rahisi: chuma. Ni kizito, lakini hupinda kabla ya kukatika, kwa hiyo kinakupa taarifa. Na fundi yeyote wa mtaani anakijua.

Nondo ya fundi: inasaidia au inaua?

Baiskeli nyingi za mizigo kwetu, hasa zile nyeusi za Kichina kama Phoenix, hupitia kwa fundi kuongezewa vyuma kabla ya kuanza kazi. Mbele huwekwa fimbo mbili za chuma, kutoka kwenye ekseli hadi juu karibu na usukani.

Fundi aliyebuni hivyo alikuwa sahihi. Fimbo hizo zinatengeneza pembetatu pamoja na uma. Ekseli ikisukumwa nyuma, uma haupindi peke yake, fimbo nazo zinavuta. Na chuma kinastahimili kuvutwa vizuri kuliko kukunjwa. Ni akili ileile ya kenchi za paa la nyumba yako.

Muhimu ni jinsi zinavyofungwa. Fimbo zikae kwenye nati za ekseli chini, na juu zikamatwe kwenye usukani kwa kibano na bolti. Zisifungwe kwenye fremu, maana hutaweza kukata kona.

Tatizo linaanza fundi anapochomelea nondo moja kwa moja kwenye miguu ya uma. Bomba la uma ni jembamba, nondo ni nene. Moto unaotosha kuyeyusha nondo unaweza kutoboa au kudhoofisha bomba. Halafu pale nondo inapoishia, sehemu ngumu inakutana ghafla na sehemu laini, na ufa unaanzia hapohapo. Umehamisha tatizo, na sasa limejificha chini ya rangi.

Vilevile kunyoosha uma uliopinda. Kwa chuma, mara moja na kwa mkunjo mdogo, wengi hufanya na hutembea. Lakini kumbuka ule waya. Ukipinda tena palepale, usinyooshe. Nunua mwingine. Uma wa alumini au kaboni usinyooshwe kabisa, hata mara moja.

Pima mwenyewe kwa mafuta ya taa na chaki

Hii haihitaji mashine. Karakana za reli zilitumia njia ya namna hii tangu karne ya 19 kutafuta nyufa kwenye ekseli za treni.

1. Safisha bega la uma na mwanzo wa miguu hadi chuma kionekane. Toa matope na grisi yote.
2. Paka mafuta ya taa kwa kitambaa. Subiri dakika 15 hadi 20, yaingie kwenye nyufa kama zipo.
3. Futa kabisa, pakauke.
4. Saga chaki nyeupe, ipake juu yake.
5. Subiri. Kukiwa na ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatatoka na kuchora mstari mweusi au wa unyevu kwenye chaki.

Ukiona mstari, baiskeli hiyo imemaliza safari. Usiseme "nifike tu Gongo la Mboto".

Dalili nyingine: rangi iliyojikunja au kupasuka chini ya bega, kutu inayotoka kama machozi kwenye kiungo, tairi la mbele lililosogea karibu na fremu kuliko zamani, au baiskeli inayovuta upande mmoja ukiachia usukani. Shika breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma. Ikigonga, inaweza kuwa ni gololi tu zimelegea. Lakini usikisie, fungua uangalie. Sehemu ya shingo iliyo ndani ya fremu huwezi kuiona mpaka uichomoe, na kutu hupenda kukaa huko.

Unanunua mwingine? Angalia haya

Wengi hukimbilia baiskeli za mtumba zenye springi mbele, zinaonekana za kisasa. Kwa mzigo, springi za bei rahisi huwa nzito, huchakaa haraka na hulegea. Uma mgumu wa chuma ni bora.

Nenda dukani na uma wako wa zamani. Linganisha kipenyo cha shingo, urefu wa shingo, aina ya nyuzi, na urefu wa miguu. Uma mrefu kuliko wa awali unaongeza mtaimbo na kuisukuma fremu kwa namna ambayo haikutengenezewa.

Na kama wewe ni wa bodaboda pale Mailimoja, hesabu ni ileile. Shokapu za mbele zinazovuja mafuta hazinyonyi mtikisiko ipasavyo, hivyo chuma ndicho kinachopokea kipigo. Badilisha sili mapema. Na bomba la shokapu lililopinda, hata kidogo, lilaze juu ya kioo ulizungushe. Likiyumba, halifai.

Ukaguzi huu wote wa mafuta ya taa na chaki ni nusu saa, mara moja kwa mwezi. Anayeteremka Kisarawe kila alfajiri na magunia matatu ana sababu ya kuitafuta nusu saa hiyo. Kuna watu nyumbani wanaosubiri arudi na hela ya mkaa.