Mswada wa Jarida la Tiba na Maneno ya Mgonjwa: Mfano wa Mwankoko, Singida

Makala haya yanahusu kazi ambayo kwa desturi huachiwa matabibu peke yao, nayo ni kutayarisha mswada wa kupelekwa kwa mhariri wa jarida la tiba. Huenda msomaji akauliza, mwanaisimu ana shughuli gani humo? Jibu ni kwamba sehemu kubwa ya ushahidi wa mswada wa namna hiyo, ukiwa umetoka katika vijiji vyetu, ni maneno. Damu hutazamwa kwa darubini na maji hupimwa kwa vyombo. Lakini mgonjwa alianza kuumwa lini, aliona dalili gani, alikunywa maji ya wapi, hayo hayajulikani ila kwa kumwuliza. Naye huulizwa kwa lugha moja, pengine hujibu kwa nyingine, na habari zake huchapishwa kwa lugha ya tatu.

Mwankoko panafaa sana kwa kulitazama jambo hili. Ni kata ya Manispaa ya Singida, katika nchi ya Wanyaturu, ambao wenyewe hujiita Warimi na lugha yao huitwa Kirimi. Bibi mzee wa huko aweza kueleza maumivu yake kwa Kirimi, mjukuu wake akayageuza kwa Kiswahili, na tabibu akayaandika kwa Kiingereza papo hapo. Maneno yake yamekwisha kuvuka mara mbili, wala katika mswada hapaonekani dalili ya vivuko hivyo. Husomwa tu kwamba mgonjwa "alisema".

Na tuchukue mfano mmoja. Singida ni miongoni mwa mikoa ya Tanzania, pamoja na Arusha, Kilimanjaro, Manyara na Shinyanga, ambayo maji yake ya ardhini katika sehemu kadha wa kadha yana floridi nyingi itokayo katika miamba. Mtoto anayekunywa maji hayo wakati meno yake ya kudumu yangali yanaumbika ndani ya taya, yaani katika miaka minane hivi ya kwanza, huota meno yenye mawaa meupe au ya kahawia. Na mtu akiyanywa kwa miaka mingi, mifupa nayo huweza kuharibika. Kikomo kilichoshauriwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania, kwa sababu ya uhaba wa maji vijijini, iliruhusu hadi miligramu 8 katika viwango vya muda vya 1974, na kikomo hicho kikashushwa baadaye.

Tuseme basi tabibu mmoja anakusudia kuandika juu ya meno ya watoto wa shule wa Mwankoko. Matokeo ya uchunguzi wake siyabuni hapa, kwa maana ninayoyapima mimi ni maswali yake. Meno atayapanga kwa daraja za Dean, zilizorekebishwa mwaka 1942, na maji atayapeleka maabara. Mpaka hapo hana haja na mwanaisimu. Kisha anamgeukia mzazi na kumwuliza: "Mtoto wenu hunywa maji ya kisima gani?"

Neno kisima halina hila kwa mtu anayekwenda kuteka maji. Lakini ndani yake mna shimo fupi lililochimbwa kwa jembe katika mchanga wa mto uliokauka. Mna shimo lililojengewa mawe au saruji. Na mna kile kisima kirefu kilichotobolewa kwa mitambo, cha namna iliyochimbwa Mwankoko ili kuupatia mji wa Singida maji. Kwa uchunguzi wa floridi tofauti hiyo ndiyo habari yenyewe, kwa kuwa maji ya kina mbalimbali yamepita katika miamba mbalimbali. Kiingereza kina neno mbali kwa kisima kilichochimbwa kwa mkono na neno mbali kwa kile cha mitambo, na anayefasiri hana budi kuchagua. Akichagua, ameamua jambo ambalo mzazi hakulisema. Jedwali litakalochapishwa litaonyesha watoto wangapi walikunywa maji ya kisima kirefu na wangapi ya kisima kifupi, kwa hesabu zilizo safi kabisa, nazo zimesimama juu ya dhana ya mfasiri. Na kwa kuwa jedwali ndilo linaloweza kumfanya mhandisi afunge kisima kimoja na kuacha kingine, dhana hiyo itawafikia watoto wenyewe katika vikombe vyao.

Swali la pili ni "Mmeishi hapa tangu lini?" Hapa ni wapi? Ni nyumbani, ni mtaani, au ni katani? Katika miaka ya 1970 Operesheni Vijiji iliwahamisha watu wengi Tanzania wakajenga karibu karibu. Mtu aliyezaliwa 1965 akahamishwa 1974 meno yake yalikwisha kuumbika kwa maji ya makao ya kwanza. Na kama makao hayo yalikuwa umbali wa saa moja kwa miguu, atajibu kwa haki kabisa kwamba ameishi hapa tangu kuzaliwa. Wala hasemi uongo. Swali ndilo lililoshindwa.

Majarida mengi hutaka hojaji ifasiriwe kwa Kiswahili, kisha mtu wa pili airudishe kwa Kiingereza bila kuona ya kwanza, ili zilinganishwe. Sikatai; njia hiyo hunasa makosa ya haraka. Lakini kwa neno kama kisima haifai kitu, kwa kuwa wafasiri wawili waliosoma vitabu vile vile watapatana wao kwa wao, na hapana aliyeuliza kama mzazi amepatana nao. Naona ni afadhali kuwaomba wazazi wachache waeleze swali kwa maneno yao wenyewe kabla kazi haijaanza, na kuandika katika mswada, kwa sentensi mbili tu, jinsi walivyolielewa. Sentensi hizo mbili nazithamini kuliko ukurasa mzima wa takwimu.

Kwamba jambo hili si la wanalugha peke yao lilionekana Bagamoyo. Mwaka 1996 yalitokea makala mawili juu ya wilaya hiyo, moja katika Social Science & Medicine na jingine katika Tropical Medicine & International Health. Waandishi walieleza kwamba homa ya malaria na degedege, ambavyo kwa daktari huweza kuwa ugonjwa mmoja katika hatua mbili, kwa wenyeji vilikuwa vitu viwili. Degedege la mtoto lilihusishwa na mashetani, na mara nyingi alipelekwa kwanza kwa mganga wa kienyeji. Mchunguzi anayeuliza juu ya malaria tu angeweza kuwakosa watoto walio katika hatari kubwa kuliko wote, na asijue kwamba amewakosa. Waandishi hao waliliacha neno degedege lisimame lilivyo, hata katika anwani ya makala moja, wakalieleza. Na hivyo ndivyo ninavyopendekeza.

Lakini kuliacha neno hakutoshi, sharti liandikwe ni la lugha gani. Katika miaka ya 1952 na 1953 ugonjwa wa homa na maumivu makali ya viungo ulienea Newala, katika uwanda wa juu wa Wamakonde. Marion Robinson na W. H. R. Lumsden waliueleza mwaka 1955 katika jarida la chama cha kifalme cha tiba ya nchi za joto cha Uingereza, na jina lililoingia katika tiba ya dunia nzima ni lile la wenyeji, chikungunya. Lumsden alilitaja kuwa ni la Kimakonde, lenye maana ya kukunjamana au kupindika. Hata hivyo waandishi wengi waliofuata, miaka mingi baadaye, wakaandika kwamba ni neno la Kiswahili, kila mmoja akinakili kwa mwenziwe. Kiambishi peke yake kingewatia shaka, maana chi- ya Kimakonde hapo inalingana na ki- yetu ya Kiswahili sanifu. Ikiwa jina lililoandikwa sawa tangu mwanzo liliweza kupotea hivyo, litakuwaje lile ambalo halikuandikwa sawa?

Tabibu wa Mwankoko atakutana na shida hiyo mara atakapotaka kunukuu neno la Kirimi. Kirimi kina irabu saba, nasi tuna tano. Tena kina toni, nasi hatuna. Neno likiandikwa kwa tahajia ya Kiswahili, maneno mawili yaliyo mbali huweza kuwa moja. Dawa yake si ngumu: amtafute msemaji anayeijua lugha kwa kuiandika, na aisome kazi ya Howard Olson ya 1964 juu ya fonolojia na mofolojia ya Kirimi. Kwa upande wa Kiswahili, Kamusi ya Tiba ya TUKI itamsaidia kwa istilahi za daktari. Maneno ya mgonjwa sharti ayatafute kwa mgonjwa.

Mengine ya mswada yanajulikana, nami nitayapitia upesi. Wahariri waliokutana Vancouver mwaka 1978 waliweka utaratibu ambao majarida mengi hufuata mpaka leo: utangulizi, njia, matokeo, mjadala, na mbele ya yote muhtasari. Kibali cha maadili, ambacho kwa kiwango cha taifa hutolewa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, hupatikana kabla ya kazi, hakiombwi kazi ikiisha. Namba yake huandikwa katika sehemu ya njia. Mswada hupelekwa kwa jarida moja tu kwa wakati mmoja. Jarida lenyewe lichaguliwe kwa wasomaji wake: makala ya Denis Burkitt ya 1958 juu ya uvimbe wa taya za watoto wa Uganda yalitoka katika jarida la wapasuaji, na mwanzoni hayakuvuta macho ya wengi.

Juu ya waandishi nina neno moja. Kwa kanuni za wahariri hao, mtu aliyekusanya habari tu hahesabiwi kuwa mwandishi, naye hutajwa katika shukrani. Mkalimani wa Kirimi hutiwa humo, pengine bila jina. Mimi naona mahali pake ni katika sehemu ya njia, kama vile chombo cha kupimia maji kinavyotajwa aina yake: mkalimani alikuwa nani kwa kazi, alizaliwa akisema lugha gani, alijifunza wapi, je ni jamaa ya waliohojiwa?

Mwisho, hojaji yenyewe ya Kiswahili iambatishwe, si tafsiri yake. Majarida yanayochapishwa kwa mtandao hupokea viambatisho vya namna hiyo bila kulalamikia kurasa. Na pale mzazi alipojibu "kisima", jedwali liandike kisima, na kando yake safu nyingine ionyeshe kile ambacho mchunguzi alikwenda kukiona kwa macho yake: kina chake, na kama kilichimbwa kwa mkono au kwa mitambo.