Kompyuta ya Mezani Isiyowaka: Utaratibu wa Kubaini Chanzo cha Hitilafu

1.0 Utangulizi

Kompyuta ya mezani inapokataa kuwaka, hukumu hutolewa upesi kwamba imeungua. Kwa hukumu hiyo mashine huwekwa stoo, na mwanafunzi ambaye tasnifu yake imo ndani huamini kuwa kazi yake yote imepotea. Mara nyingi hukumu hiyo haina ushahidi. Makala haya yanafafanua namna ya kubaini chanzo cha hitilafu kwa kufuata njia ya umeme, kutoka soketi ya ukutani hadi kwenye prosesa. Hoja kuu ni kwamba kila hatua ijibu swali moja kabla ya kifaa chochote kununuliwa. Mjadala unahusu kompyuta za muundo wa ATX, ulioasisiwa na kampuni ya Intel mwaka 1995.

2.0 Kutofautisha Dalili

Neno "haiwaki" hubeba hali tatu. Kwanza, mashine huwa kimya kabisa: hakuna taa, feni wala mlio. Pili, feni huzunguka kwa nukta chache kisha kila kitu huzimika. Mara nyingi hii huashiria kuwa pawa saplai imejizima ili kujikinga na shoti. Tatu, mashine huunguruma ilhali skrini ni nyeusi. Katika hali hii ya mwisho umeme upo, na chanzo hutafutwa kwenye ramu, kadi ya picha au kebo ya skrini. Makala haya yanajikita katika hali mbili za mwanzo.

3.0 Uchunguzi wa Nje

Soketi hupimwa kwa kuchomeka kifaa kingine kinachojulikana kuwa kizima, kama vile taa. Kisha kompyuta huchomekwa moja kwa moja ukutani, bila kupitia ekstensheni wala stabilaiza. Kebo yake hubadilishwa kwa ile ya skrini, kwa kuwa aghalabu kebo hizo hulingana. Plagi ya pini tatu inayotumika Tanzania na Kenya ina fyuzi ndogo ndani yake, nayo ikikatika mashine hubaki kimya kana kwamba imekufa.

Nyuma ya pawa saplai huwa na swichi yenye alama za 1 na 0. Ikiwa kwenye 0, umeme haupiti. Baadhi ya pawa saplai za zamani zina pia swichi ya kuchagua volti 115 au 230. Nchini Tanzania, ambako umeme wa majumbani ni wa volti 230, kuiweka kwenye 115 kunaweza kuiunguza pawa saplai mara tu inapochomekwa.

4.0 Uchunguzi wa Pawa Saplai

Katika muundo wa ATX, kitufe cha kuwashia hakikati wala kuunganisha umeme mkuu. Hutuma ishara tu. Kwa sababu hiyo, kompyuta iliyochomekwa huwa na volti 5 za akiba katika waya wa zambarau hata ikiwa imezimwa. Multimita isipoonyesha volti hizo, pawa saplai hutenganishwa na ubao mama na kupimwa tena. Zikirejea, huenda ubao mama una shoti; zisiporejea, pawa saplai ndiyo mbovu.

Volti za akiba zikiwapo, pawa saplai iliyotenganishwa hujaribiwa kwa kuunganisha waya wa kijani na mweusi katika plagi ya pini 24. Waya wa njano unapaswa kutoa volti 11.4 hadi 12.6, na mwekundu volti 4.75 hadi 5.25. Kutozunguka kwa feni pekee si ushahidi wa ubovu, kwani baadhi ya pawa saplai husimamisha feni mzigo unapokuwa mdogo.

Tahadhari mbili ni za lazima. Baadhi ya watengenezaji hutumia mpangilio wao wenyewe wa pini na rangi, hivyo mwongozo wa mashine husomwa kwanza. Aidha, kasha la pawa saplai halifunguliwi na asiye na ujuzi, kwa sababu kapasita zake huweza kuhifadhi umeme wa hatari hata baada ya plagi kuchomolewa.

5.0 Uchunguzi wa Ubao Mama

Pawa saplai ikithibitika kuwa nzima, waya wa kitufe huchomolewa na pini zake mbili kwenye ubao mama hugusanishwa kwa ncha ya bisibisi. Mashine ikiwaka, ubovu ni wa kitufe, kifaa cha bei ndogo. Isipowaka, huchomolewa chomeko la umeme na vyote visivyo vya lazima, ikabaki prosesa, feni yake na ramu moja. Ikiwaka hapo, vilivyoondolewa hurudishwa kimoja kimoja, na kila mara umeme huchomolewa kwanza. Hali ya zamani ikirudi, kifaa kilichorudishwa mwisho ndicho mshukiwa. Ubao hukaguliwa pia kama una skrubu iliyodondokea chini yake au kapasita zilizovimba, kasoro iliyoharibu bodi nyingi mwanzoni mwa miaka ya 2000.

6.0 Hitimisho

Utaratibu huu unaonyesha kuwa kunyamaza kwa mashine si uthibitisho wa kufa kwake. Muhimu zaidi, diski hutunza data bila kutegemea umeme; kwa kawaida pawa saplai au ubao mama ukiharibika, diski inaweza kuhamishiwa kwenye kompyuta nyingine na tasnifu ikasomwa. Kwa hiyo, panapokuwa na kazi isiyo na nakala, diski iokolewe kwanza, kisha majaribio yaendelee.