Mkasi Mbele ya Sheria

Mwezi wa Februari 2024, siku za Mwaka Mpya wa Kichina, Zhang Yimou alitoa filamu iliyochukua jina lake katika sheria ya jinai ya China: Kifungu cha 20, kimruhusucho mtu kuikinga nafsi yake, au ya mwenziwe, na dhuluma inayomkabili. Kisa ni cha mdeni fukara ambaye, mwia wake alipomnajisi mkewe, mwanamke kiziwi asiyeweza kunena, alimchoma mwia yule kwa mkasi hata akafa. Na mwendesha mashtaka Han Ming ndiye atakiwaye kupambanua kama hiki kilikuwa kisasi au kinga.

Ugumu wote u katika dakika moja. Marehemu alikuwa ameelekea garini mwake: je, shari ilikuwa imekwisha, au alikuwa akifuata kisu humo? Tangu marekebisho ya 1997, kifungu hicho humwondolea hatia amuuaye mnajisi au muuaji aliye katikati ya tendo. Walakini kwa miaka mingi kilitumika kwa nadra mno, na wanyonge wakafungwa.

Sikuweza kuisahau mikono ya mke yule, iliyoyasema kwa ishara, ikitetemeka, yale ambayo kinywa hakikujaaliwa kuyasema.

Na swali hilohilo la kinga lamfuata Han Ming hadi nyumbani: mwanawe aliyempiga mwonevu shuleni, kwa kumwokoa mwenziwe, akataa katakata kuomba radhi.