Farao Hakuanza kwa Kuua

Somo: Kutoka 1:8–22

Leo twasoma habari za mfalme mpya wa Misri ambaye hakumjua Yusufu. Tukiisoma sura hii polepole tutaona kwamba Farao hakuanza kwa kuua. Kwanza alisema na watu wake, akawatia hofu kwamba Waisraeli wamezidi kuwa wengi. Kisha akaweka wasimamizi na kazi ngumu. Mwisho ndipo alipoamuru watoto wa kiume watupwe mtoni. Lilitangulia neno, ikafuata sheria, kisha mauaji. Watawala wengi wamepita njia iyo hiyo baada yake.

Tutazame Ujerumani. Baada ya kushindwa katika Vita Kuu ya Kwanza, nchi ile ilibaki na aibu na madeni, na mwaka 1932 watu wapatao milioni sita hawakuwa na kazi. Mwenye shida hutafuta wa kumlaumu, na Adolf Hitler aliwaonyesha watu wa kulaumiwa, yaani Wayahudi. Hakuingia kwa bunduki. Tarehe 30 Januari 1933 alipewa uwaziri mkuu kwa kufuata sheria. Mwezi wa Machi bunge lenyewe likamruhusu kutunga sheria bila bunge. Vyama vingine vikafungwa, magazeti yakanyamazishwa, wapinzani wakatiwa kambini. Wayahudi wakaondolewa katika kazi za serikali. Mwaka 1935 wakanyang'anywa uraia. Novemba 1938 masinagogi yao yakachomwa moto. Kisha vikaja vita, na kuanzia mwaka 1941 wakauawa kwa maelfu, wazee kwa watoto wachanga. Kufikia mwaka 1945 Wayahudi wapatao milioni sita walikuwa wameuawa. Tangu Hitler aliposhika serikali hadi mauaji yale makubwa ilipita miaka minane. Katika miaka hiyo kila hatua iliyopita bila kupingwa iliirahisisha ile iliyofuata.

Labda msikilizaji wetu wa Chakol atasema, "Hayo ni mambo ya Ulaya." Basi na aende Malaba, autazame Mwamba wa Tororo ng'ambo ya mpaka. Idi Amin aliitwaa serikali ya Uganda tarehe 25 Januari 1971, na watu wengi wa Kampala wakamiminika barabarani kushangilia. Bunge likavunjwa. Kabla mwaka huo haujafikia nusu, askari walikwisha kupewa uwezo wa kuwakamata raia. Mwaka uo huo askari wengi Waacholi na Walango waliuawa kambini, si kwa kosa walilotenda, bali kwa sababu ya kabila lao, kwa kuwa Milton Obote aliyepinduliwa alikuwa Mlango.

Tarehe 4 Agosti 1972, mbele ya askari wake huko Tororo, Amin alitangaza kwamba Waasia watatoka nchini. Walipewa siku 90. Alisema ndio walioikamua nchi, na wengi wakafurahi, wakiyatazamia maduka yatakayoachwa. Mwezi uliofuata alimpelekea Kurt Waldheim, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, simu ya kumsifu Hitler kwa kuwaua Wayahudi. Mwezi huohuo Jaji Mkuu, Benedicto Kiwanuka, alikamatwa katika Mahakama Kuu, akapelekwa asirudi tena. Yule ambaye angeweza kusema "sheria hairuhusu" alikuwa ameondolewa.

Hata Wayahudi hawakukosa kuguswa huko. Karibu na Mbale, mwendo usio mrefu kutoka Tororo, wako Waafrika washikao dini ya Kiyahudi, waitwao Abayudaya, tangu siku za Semei Kakungulu. Amin alipiga marufuku ibada yao. Wengi waliiacha dini hiyo, wachache wakaendelea kuabudu kwa siri.

Twasema wazi kwamba Uganda haikuwa Ujerumani. Waasia walifukuzwa, hawakuangamizwa kama Wayahudi. Lakini njia ilikuwa ile ile, na hao walioshangilia Waasia walipofukuzwa hawakusalimika. Amin alipoondolewa Aprili 1979, waliouawa walikuwa wengi mno. Makadirio huanzia watu 80,000 hadi 300,000 na zaidi. Wengi wengine walikimbia, na baadhi yao walipita papa hapa, Busia na Malaba, bila mzigo kichwani.

Je, Kanisa lilikuwa wapi? Katika Ujerumani wachungaji wengi walinyamaza, na wengine walimsifu Hitler mimbarani. Wachache walikataa. Mmoja wao, Dietrich Bonhoeffer, alinyongwa tarehe 9 Aprili 1945. Katika Uganda, Februari 1977, maaskofu wetu wa Kianglikana walimwandikia Amin barua wakilalamika juu ya mauaji na juu ya askari walioipekua nyumba ya Askofu Mkuu Janani Luwum usiku. Tarehe 16 mwezi huo Luwum aliuawa pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi. Serikali ilisema ni ajali ya gari. Leo sanamu za Luwum na Bonhoeffer zimo katika safu moja juu ya mlango wa magharibi wa Westminster Abbey, London. Mmoja alikuwa Mwacholi na mwingine Mjerumani, lakini ushuhuda wao ni mmoja.

Wapendwa, si kila mmoja wetu ni askofu. Ndiyo maana Maandiko yametupa Shifra na Pua, wakunga wawili wasio na cheo. Farao aliwaamuru waue, wao wakamcha Mungu kuliko mfalme, na watoto wakaishi. Amri ya mtawala haiui peke yake. Yahitaji karani wa kuandika majina, jirani wa kuonyesha nyumba, na dereva wa kuendesha gari. Mmoja akikataa, amri hupungukiwa mkono.

Tena tuangalie hatua ya kwanza, kwa maana hiyo iko vinywani mwetu. Rwanda, kabla na wakati wa mauaji ya mwaka 1994, Watutsi waliitwa mende. Kwetu Kenya, katika fujo za 2007 na 2008, jirani aliitwa doadoa la kuondolewa. Sisi wa mpakani twajua jinsi ilivyo rahisi kusema "hawa si wa hapa," ingawa Mteso wa Chakol na Mteso wa Tororo ni ndugu waliotengwa na mstari wa wakoloni. Neno la namna hiyo likisemwa sokoni, kwenye mkutano wa siasa, au hata baada ya ibada, tusicheke wala tusinyamaze. Tuseme, "Huyo ni mtu, naye ameumbwa kwa mfano wa Mungu." Kusema hivyo leo kuna gharama ndogo. Luwum alilisema wakati gharama yake ilikuwa uhai.

Tuombe. Ee Bwana, utupe ulimi wa kutetea kabla ya siku ya kulia. Utupe moyo wa Shifra na Pua, na uwalinde majirani zetu pande zote mbili za mpaka. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.