Mkate bila oveni: Chungu cha umeme kinavyoweza kulinda mtaji wa mpakani

MTAJI wa mfanyabiashara mdogo wa mpakani hauliwi na ushuru peke yake. Huliwa pia na chai ya asubuhi, nauli ya bodaboda, kodi ya chumba na chakula cha njiani. Matumizi hayo hayaandikwi kwenye daftari la mauzo, lakini hutoka kwenye pochi ile ile. Anayelala Namanga, Busia, Mutukula au Rusumo akisubiri mzigo hununua mkate karibu kila siku, na mwisho wa mwezi fedha hiyo imekwenda bila risiti.

Kuoka mkate wako mwenyewe hakuhitaji oveni. Kunahitaji unga wa ngano, hamira, saa chache za jioni na chungu cha umeme cha kupika polepole, ambacho sasa huonekana kwenye maduka ya vyombo na hata kwenye marobota ya vyombo vilivyotumika kutoka ng'ambo. Hata hivyo, anayekinunua bila kusoma maandishi ya chini anaweza kupoteza fedha nyingi kuliko za mkate aliotaka kuokoa.

Wazo lililozaliwa tanurini

Chungu hiki kisichanganywe na jiko la presha la umeme wala sufuria ya umeme ya kupikia wali. Kina bakuli zito la udongo wa kuchoma au kauri, limekaa ndani ya kasha lenye nyaya za joto pembeni. Swichi yake huwa na ngazi tatu: joto dogo, joto kubwa na kutunza joto. Hakichemki kwa fujo. Hupanda joto taratibu hadi karibu na kiwango cha maji kuchemka, kisha hubaki hapo.

Aliyekibuni ni Irving Naxon wa Chicago, Marekani, aliyeomba hataza mwaka 1936 na kuipata mwaka 1940. Wazo alilipata kwa mama yake, aliyemsimulia jinsi familia za Kiyahudi kijijini kwao Lithuania zilivyopeleka chungu cha maharage na nyama kwa mwokaji mikate siku ya Ijumaa, kikalala ndani ya tanuri lililokuwa likipoa hadi kesho yake. Kampuni ya Rival ilinunua biashara ya Naxon mwaka 1970, na mwaka uliofuata ikakitoa sokoni kwa jina la Crock-Pot.

Kuoka bila oveni si jambo geni kwetu pia. Mkate wa kumimina wa Zanzibar, ambao Mombasa wengi huuita mkate wa sinia, huiva kwa kupaliwa: makaa machache chini, makaa mengi juu ya mfuniko. Anayejua kupalia wali anajua tayari nusu ya kazi hii. Chungu cha umeme kinampunguzia moshi na kukaa jikoni akichochea.

Vipimo na hatua

Kwa chungu cha lita 4 hadi 6, andaa unga wa ngano gramu 500, yaani vikombe 4. Hamira ya chembechembe gramu 7, ambayo ni vijiko 2 vya chai. Sukari vijiko 2 vya chakula. Chumvi kijiko kimoja na nusu cha chai. Mafuta vijiko 2 vya chakula. Na maji ya uvuguvugu kikombe kimoja na robo. Maji yasiunguze kidole. Hamira ni kiumbe hai, na ikifika nyuzi joto 60 hufa.

Changanya unga, hamira, sukari na chumvi, kisha tia mafuta na maji kidogo kidogo. Kanda kwa dakika 10 hadi donge liwe laini na liache kunata mkononi. Lifunike liumuke mpaka ukubwa wake uwe maradufu. Kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa dakika 45 hutosha. Kwenye baridi ya jioni ya Kabale unaweza kusubiri saa moja na nusu. Usitazame saa, tazama donge.

Likishaumuka, libonyeze hewa itoke, liviringe, uliweke juu ya karatasi ya kuokea ndani ya chungu. Kama huna karatasi, paka mafuta chungu na ukinyunyize unga. Hakuna haja ya kukipasha kwanza wala kungoja donge liumuke mara ya pili, kwa sababu joto linapopanda taratibu donge huendelea kuumuka lenyewe kabla hamira haijafa.

Weka swichi kwenye joto kubwa. Kabla ya kufunika, tandaza kitambaa safi kikavu cha pamba chini ya mfuniko, kisha kunja pembe zake juu ya mfuniko zisining'inie pembeni kwenye joto. Kitambaa hicho ndicho siri ya kazi yote. Mvuke unaogonga mfuniko hugeuka matone, na bila kitambaa matone hurudi juu ya mkate na kuufanya uwe na ngozi ya majimaji.

Usifunue kwa saa nzima ya kwanza. Baada ya saa moja na dakika 45, utoe uugonge chini kwa kidole. Ukitoa mlio wa kitu chenye uwazi ndani, umeiva. Mlio ukiwa mzito, urudishe kwa dakika 20 au 30. Walio nyanda za juu kama Nairobi na Kigali, ambako maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, wategemee kuongeza muda.

Mkate huu hutoka mweupe. Rangi ya kahawia na harufu ya mkate wa dukani huja kwenye joto la nyuzi 140 na kuendelea, ambalo chungu hiki hakilifikii. Anayetaka ganda aulaze kwenye kikaango kikavu chenye moto kwa dakika 3 hadi 5 kila upande. Kisha auache upoe juu ya ungo kwa nusu saa kabla ya kuukata, kwani mkate unaokatwa wa moto hugandamana ndani kama ugali mbichi.

Hesabu ya umeme

Vyungu vingi vya ukubwa huu hutumia kati ya wati 200 na 300 kwenye joto kubwa. Chungu cha wati 200 kikiwaka saa mbili na nusu kinakula nusu uniti. Oveni ya umeme ya wati 2,000 ikiwaka mfululizo kwa saa moja inakula uniti 2, na hata ikiwa inajizima na kujiwasha yenyewe, bado haishuki kirahisi hadi nusu uniti. Chukua bei ya uniti moja ya LUKU, Yaka, Cash Power au tokeni za Kenya Power kule unakolala, igawe kwa mbili. Hiyo ndiyo gharama ya umeme kwa mkate mmoja.

Vipimo vilivyotajwa hutoa mkate wa karibu gramu 800, sawa na mikate miwili ya gramu 400. Pakiti ya unga ya kilo 2 hutoa mikate minne ya aina hiyo. Jumlisha unga, hamira, mafuta, sukari na nusu uniti, kisha linganisha na bei ya duka lililo jirani yako. Kwa anayekula peke yake tofauti inaweza kuwa ndogo. Kwa wanne wanaopanga chumba kimoja na kula pamoja, huonekana mapema.

Bei ya ngano nayo haiko mikononi mwetu. Sehemu kubwa ya ngano inayosagwa Afrika Mashariki hutoka nje, zikiwamo Urusi na Ukraine, na vita vilipoanza Februari 2022 bei ilipanda duniani kote. Unga ukipanda, unaweza kuondoa gramu 100 za unga na kutia kiasi hicho cha viazi lishe vilivyochemshwa na kupondwa, huku ukipunguza maji. Mkate huwa na rangi ya dhahabu na hukaa laini kwa muda mrefu zaidi.

Soma maandishi ya chini

Geuza chungu kabla ya kulipa. Chini yake pameandikwa volti. Umeme wa majumbani katika nchi za Jumuiya ni kati ya volti 220 na 240. Vyungu vilivyotengenezwa kwa soko la Marekani vimeandikwa volti 120, na vinaweza kuwamo kwenye marobota ya vyombo vilivyotumika.

Chombo cha joto cha volti 120 kikichomekwa kwenye volti 240 huvuta nguvu mara nne ya iliyokusudiwa. Chungu cha wati 200 hugeuka cha wati 800, nacho huungua, hukata umeme wa nyumba au huwasha moto. Kubadilisha kichwa cha waya hakuondoi tatizo. Kinachohitajika ni transfoma inayobeba wati hizo, ambayo yaweza kuwa ghali kuliko chungu. Muuzaji anayevinunua kwa jumla atenge vya volti 120 pembeni kabla havijarudishwa na wateja wenye hasira.

Angalia pia kichwa cha waya. Kenya, Uganda na Tanzania hutumia kile cha pini tatu bapa, wakati Rwanda, Burundi na Kongo wengi hutumia cha pini za duara. Hilo hutatuliwa na adapta ya bei nafuu, lakini mteja wa upande wa pili atakuuliza, heri uwe nayo dukani.

Kipi kinavuka na kipi hakivuki

Utaratibu uliorahisishwa wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki humruhusu mwenye mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani kuvuka kwa cheti rahisi cha uasili wa bidhaa kinachotolewa mpakani, bila wakala wa forodha na bila ushuru wa forodha. Wengi hukosea kudhani kwamba thamani ndogo ndiyo sifa pekee. Bidhaa lazima iwe imezalishwa ndani ya nchi wanachama na iwe kwenye orodha iliyokubaliwa. Cheti hicho pia hakifuti kodi za ndani wala vibali vya afya.

Chungu kilichotengenezwa China au Marekani hakina uasili wa Afrika Mashariki, hata kama umekinunua Gikomba au Kariakoo na kina bei ya kutupa. Unga uliosagwa ndani ya Jumuiya ni suala jingine, lakini uliza ofisa wa forodha kabla ya kupakia. Mfuko wenye alama ya ubora ya TBS, KEBS au UNBS hupunguza maswali, kwa kuwa nchi wanachama zimekubaliana kutambua alama za ubora za wenzao.

Mkate wenyewe, uliooka chumbani, hauna alama hiyo. Ule, wagawie wenzako. Ukitaka kuuza, anza na kibali cha afya cha halmashauri au kaunti unakookea, na usiupange kwenye boksi kuuvusha kama bidhaa. Kumbuka pia vifungashio: Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019. Mkate uliopoa ufunge kwa kitambaa cha pamba au karatasi ya kaki. Hauna dawa ya kuhifadhi, hivyo kwenye joto la pwani uliwe ndani ya siku mbili.

Umeme ukikatika

Hili hutokea, na mara nyingi jioni. Umeme ukikatika katika nusu saa ya kwanza, acha mfuniko mahali pake. Donge litaendelea kuumuka tu. Usiporudi baada ya muda mfupi, hamishia donge kwenye sufuria iliyopakwa mafuta, funika, weka makaa machache chini na mengi juu, nalo litaiva kwa dakika 35 hadi 45. Kamwe usiweke bakuli la kauri kwenye moto wa mkaa, litapasuka. Na mkaa usiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa, kwani hewa yake huua bila harufu.

Chungu nacho kisiachwe kikiwaka mwenye nacho amelala au ametoka. Anayekanda saa 11 jioni ataweka donge saa 12 na kitu, na kabla ya saa 3 usiku mkate umeiva. Muda wote huo anaweza kukaa karibu na kuandika hesabu za siku, safari hii akiweka na mstari wa chakula.