Kocha Hapigi Penalti, Lakini Ndiye Aondokaye

Kila Bandari inapopoteza mechi mbili mfululizo, barazani Mji wa Kale husikiki neno jingine: "Kocha aende." Ni vyema tukaeleza kazi hii ilivyo, maana wengi twaihukumu bila ya kuijua.

Tutazame safari ya Bernard Mwalala. Alicheza soka kwanza, hata akavuka mpaka akaichezea Yanga ya Dar es Salaam. Alipoacha kucheza akageukia ukocha, akaifunza Nzoia Sugar, kisha akaja Mombasa. Chini yake Bandari ilishika nafasi ya pili ligini mwaka 2018, ikashika tena ya pili msimu wa 2018-19. Mwaka 2019 ikatwaa Ngao, na tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika ikapatikana.

Huko Afrika vijana waliitoa Al Ahly Shendi ya Sudan, wakaitoa na Ben Guerdane ya Tunisia. Horoya ya Guinea ndiyo iliyowasimamisha. Kabla mwaka huo huo haujaisha, Mwalala na Bandari walikuwa wameshaachana.

Sasa ndugu msomaji, tupime. Uwanja wa Manispaa ulikuwa umefungwa ili ujengwe upya, na Mbaraki haukufikia viwango vya CAF. Kwa hivyo mechi za "nyumbani" zilichezwa Kasarani, Nairobi, karibu kilomita 480 kutoka kwetu. Timu husafiri, huchoka, hurudi kucheza ligi, na mashabiki wake wamebaki Kisiwani. Ni kocha gani aliyeufunga uwanja? Lakini matokeo yakiharibika, jina linaloandikwa ni lake.

Hii ndiyo hali ya makocha wengi wa klabu zisizo na fedha nyingi. Husoma ngazi kwa ngazi, leseni ya CAF ya D, C, B hadi A, na kila ngazi yataka muda na gharama. Kisha kazi yenyewe haidumu hata misimu miwili au mitatu. Kuondoka si kushindwa: Mwalala baadaye aliiongoza Kakamega Homeboyz kumaliza msimu wa 2021-22 sawa kwa pointi na Tusker, wakakosa ubingwa kwa tofauti ya mabao tu.

Tangu Feisal ilipochukua ligi mwaka 1965, hakuna timu ya Mombasa iliyorudia. Makocha wamekuja na kwenda miaka yote hiyo, na kombe halijarudi. Pengine dawa si kubadilisha mtu.

Basi tukikaa barazani tena, kabla ya kusema kocha aende, tuulize: amepewa uwanja? Amepewa wachezaji aliowaomba? Amepewa muda? Jawabu zikiwa hapana, wa kuulizwa kwanza ni wenye timu, si kocha.